Picha halisi ya kale ni nini?

Kwa wakusanyaji, picha halisi ya kale si kila picha inayoonyesha jambo la zamani, bali ni ile ambayo karatasi yake yenyewe ilichapwa katika miaka iliyo karibu na siku ambayo picha ilipigwa. Tofauti hiyo huonekana ndogo mpaka mtu aombwe kutoa fedha. Picha ya Boma la Arusha, lililojengwa na Wajerumani mwaka 1900, ikichapwa leo studio na kutiwa fremu nzuri, hubaki kuwa karatasi ya leo, hata kama wote wanaoonekana ndani yake ni marehemu.

Mzee mmoja wa Moshi alinionyesha picha aliyorithi, iliyobandikwa kwenye kadi nene, ya ua wa ndani wa Palace Hotel ya San Francisco, Marekani: chini magari ya farasi, na juu yake safu kwa safu za roshani zenye nguzo, hadi kwenye paa la kioo. Hoteli hiyo ilifunguliwa mwaka 1875, ikateketea kwa moto uliofuata tetemeko la ardhi la Aprili 1906. Ua huo, basi, ulipigwa picha kabla ya hapo. Lakini hilo latuambia umri wa negativu tu, yaani kile kioo chenye taswira ya kinyume ambacho picha za karatasi huchapwa kutokana nacho, na negativu moja yaweza kuchapwa tena na tena kwa miaka mingi.

Ushahidi umo katika karatasi. Kwa sehemu kubwa ya nusu ya pili ya karne ya 19 picha nyingi zilichapwa kwa njia ya albumini, iliyotangazwa na Mfaransa Louis Désiré Blanquart-Evrard mwaka 1850. Karatasi nyembamba ilipakwa ute wa yai uliotiwa chumvi, ikakaushwa, ikalazwa juu ya mmumunyo wa nitrati ya fedha, kisha ikabanwa pamoja na negativu ya kioo na kuwekwa juani mpaka taswira ijitokeze. Karatasi hiyo hujikunja, ndiyo maana ilibandikwa kwenye kadi. Miaka ikipita, ute hugeuka manjano, hasa palipokuwa peupe, nao hupata nyufa nyembamba mno.

Tulitoka barazani penye mwanga, nikaweka kioo cha kukuzia juu ya roshani mojawapo. Hapakuwa na vitone vilivyopangwa kwa mistari, kama vya picha za magazetini. Palikuwa na nyuzi za karatasi, mng'ao hafifu, rangi ya kahawia inayoelekea zambarau, na nyufa zile. Naziamini nyufa kuliko maandishi ya nyuma ya kadi, kwa kuwa maandishi huweza kuongezwa na yeyote mwenye kalamu.

Mzee alikwisha kushika kitambaa kibichi ili aifute vumbi. Nikamsihi, "Babu, maji yataibabua," naye akaafiki tuilaze bapa ndani ya bahasha ya karatasi isiyo na asidi, mbali na ukuta unaopigwa na jua la mchana.