Uendelevu ni nini? Waulize wenye ngitili

Neno "endelevu" limechakaa. Semina kwa semina, mradi endelevu ni ule utakaobaki hai mfadhili akishaondoka. Hiyo ni nusu ya maana. Kwa mkulima, mfugaji au mwenye kiwanda, uendelevu ni hesabu: unavuna kisichozidi kinachoota tena, ili mwakani ukute kingine.

Hesabu yenyewe ni ya kibiashara tangu zamani. Mwaka 1713 Hans Carl von Carlowitz, ofisa wa migodi huko Saxony, Ujerumani, aliona tanuri za kuyeyushia madini zinamaliza misitu, akaandika kwamba ukataji usipite uotaji. Hofu yake ilikuwa tanuri kukosa kuni, si ndege kukosa miti. Kiwanda cha chai kinachokausha majani kwa kuni kinapiga hesabu ileile: kama mikaratusi yake hukomaa kwa miaka 8, shamba hugawanywa mafungu 8, kila mwaka likakatwa moja na visiki vikaachwa vichipue. Fungu likikatwa kabla ya zamu yake kwa sababu kuni za kununua zimepanda bei, hesabu imeshavunjika, hata kama bango la kutunza mazingira bado linaning'inia getini.

Usukumani jambo hili lina jina: ngitili. Mvua zikianza, eneo la malisho linafungwa. Hakuna ukuta, mpaka unajulikana, na anayeingiza ng'ombe anatozwa faini. Majani yanakua, yanakomaa, yanakauka yakiwa yamesimama. Kiangazi kikikolea na kwingine kumebaki vumbi, ndipo linafunguliwa, tena kipande kwa kipande: hiki kikiisha ndipo kile. Wanaotangulizwa ni ndama, maksai wa kulimia na ng'ombe waliodhoofu. Dume lenye nguvu zake litembee mbali.

Shinyanga ilikaribia kuipoteza. Misitu ilifyekwa ili kumfukuza mbung'o, pamba ikadai mashamba mapya, na enzi za vijiji vya ujamaa watu walihamishwa wakaziacha ngitili zao nyuma. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizoorodheshwa zilikuwa kama hekta 600 tu. Miaka ya mwanzo ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Sehemu kubwa ya miti iliyorudi humo hakuna aliyeipanda. Ilikuwa chini ya udongo siku zote, visiki hai vilivyoguguniwa kila vilipotoa chipukizi. Mifugo ilipozuiwa, vikainuka. Nadhani hapo ndipo kampeni nyingi za upandaji miti hukosea: miche inashushwa kwa lori mahali ambapo kilichokosekana ni mtu wa kusema "hapa hapaingiwi" na akasikilizwa. Shinyanga watu hao walikuwepo. Dagashida, baraza la wenyeji, liliweka sheria, sungusungu, walinzi wa jadi, wakazisimamia.

Kulinda ni jambo moja, kugawana ni lingine. Mwenye ng'ombe 100 anaona faida ya ngitili ya pamoja kila kiangazi. Asiye na hata mbuzi anapata kuni, nyasi za kuezekea, uyoga na mitishamba, basi. Ndiyo maana kijiji kikikodisha malisho yake kwa msimu, mabishano ya mkutanoni huwa si juu ya nyasi, bali kama pesa ile inajenga darasa au inaingia mfukoni mwa nani.