Bilbao haikuokolewa na jumba moja

Ukitaja Bilbao, mji wa bandari kaskazini mwa Uhispania, wengi watakuambia: ulikuwa umekufa, likajengwa jumba la makumbusho la Guggenheim mwaka 1997, ukafufuka. Simulizi tamu, ila inaanzia mwishoni.

Viwanda vya chuma na meli vilianza kuyumba miaka ya 1970. Mafuriko ya Agosti 1983 yakaongeza msiba juu ya msiba. Mto Nervión nao ulikuwa mfereji wa uchafu, maji taka ya majumbani na viwandani yakimwagwa humo moja kwa moja. Kazi ya kuusafisha ilianza miaka ya 1980, kazi ya mabomba na mitambo ambayo hakuna mtalii anayeipiga picha. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote, maana nani angejenga kando ya mto unaonuka?

Mwaka 1992 ikaundwa Bilbao Ría 2000, kampuni ya umma ya kugeuza matumizi ya ardhi ya viwanda na reli. Treni za chini ya ardhi zikaanza 1995. Shughuli za bandari zikasogezwa kuelekea baharini.

Jumba hilo la Guggenheim, lililobuniwa na msanifu majengo Frank Gehry na kuvikwa mabamba membamba ya metali ya titani, lilivuta wageni kweli, hilo halina ubishi. Lakini tembea kidogo kando ya mto huohuo, utaikuta Carola, kreni nyekundu, ingali imesimama palepale palipokuwa na kiwanda cha meli cha Euskalduna, ambacho wafanyakazi wake walipambana na polisi mitaani kisifungwe.