Je, wajua? Kwa nini mgodi wa dhahabu unajenga madarasa wakati kodi unalipa

Ukipita vijiji vya Geita lazima ukutane na darasa au zahanati ambayo wenyeji watakwambia hii ni ya CSR, yani wajibu wa kampuni kwa jamii inayoizunguka, na wengi wanachukulia kwamba mgodi uliamua tu kusaidia kwa moyo mweupe. Sio hivyo bana. Kwa Tanzania, tangu 2017 hiyo hela iko kwenye sheria na mgodi haupangi peke yake.

Sasa swali linakuja, si wanalipa kodi, darasa la nini tena? Angalia hela zinavyosafiri. Mgodi ukisafirisha dhahabu nje unalipa mrabaha, yani malipo ya serikali kutoka kwenye thamani ya madini, asilimia 6 (kabla ya 2017 ilikuwa 4), juu yake ada ya ukaguzi asilimia 1, bado kodi za mapato, na hizo zote zinaenda serikali kuu. Halmashauri yenyewe inachopata ni ushuru wa huduma, ambao kwa miaka mingi ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo, na hata huo mikataba ya zamani ya migodi mikubwa iliufunga kwenye dola 200,000 kwa mwaka, yani dhahabu ipande bei ishuke bei halmashauri ilikuwa inapokea kilekile. Na yule ambaye nyumba yake inatikisika kila wakilipua miamba, vumbi lote linaishia kwenye bati lake, yeye kwenye mgao huo hayupo kabisa. Hapo ndo CSR inapoingia.

Zamani kampuni ilikuwa inachagua yenyewe, kisima hapa, rangi ya shule pale, mkuu wa wilaya anakata utepe, picha zinaenda kwenye ripoti ya wenye hisa, imeisha hiyo. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2017 yakaleta kifungu cha 105: kila mwaka mwenye leseni aandae mpango, akubaliane na halmashauri kwa kushauriana na waziri wa serikali za mitaa na waziri wa fedha, na vipaumbele viwe vya halmashauri sio vya kampuni. Mwaka uliofuata GGM, ambao ni mgodi wa dhahabu wa Geita wa kampuni ya AngloGold Ashanti uliofunguliwa mwaka 2000, ukasaini na halmashauri mbili za Geita, ya mji na ya wilaya, mpango wa shilingi bilioni 9 na ushee.

Bilioni 9 ukiisikia unaona wamemaliza shida zote, ila subiri ifike kwenye kikao. Kila diwani ana boma lake, si mnajua maboma, wananchi wamechangishana wamepandisha kuta mpaka kwenye lenta wakaishia hapo, mvua inanyesha ndani miaka inaenda. Diwani wa kata iliyopakana na shimo anasema vumbi tunakula sisi, wa kata ya mbali anasema wanafunzi wangu wamekaa chini mia kwa darasa moja, na wote wana haki. Halafu mara nyingi mgodi hautoi keshi, unatoa vifaa, kwa hiyo kuna zabuni na kuna mzabuni wa hapohapo mjini anayetaka na yeye ale kidogo, ndo unasikia yale maswali ya simenti ya CSR mbona imezidi bei ya dukani, na mzabuni naye analia malipo yanachelewa. Kwa maoni yangu hii ndo sehemu inayoamua kila kitu, sheria inaweza kuwa nzuri lakini mwisho wa siku ni nani kakaa kwenye ile meza na kashika daftari la bei.

Na kuna wadau ambao darasa haliwahusu kabisa. Wachimbaji wadogo na vijana wa Geita kilio chao miaka yote kilikuwa magwangala, yale mawe ambayo mgodi unayamwaga kama taka lakini bado yana chembe za dhahabu. Mwaka 2016 Rais Magufuli akaagiza wapewe. Kwa mgodi hayo ni mawe yanayotakiwa kusimamiwa kwa sheria za mazingira na usalama, kwa kijana ni ugali wa leo, na serikali iko katikati inataka kura na inataka mrabaha.

Tarime ndo utaelewa kwa nini kampuni zenyewe siku hizi hazibishi sana kuhusu CSR. Pale kwenye mgodi wa dhahabu wa North Mara mwaka 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodini yakaingia mto Tigithe, ambao watu wanachota na mifugo inakunywa, na baadaye wanakijiji wakafungua kesi London mwaka 2013 juu ya watu waliouawa na kujeruhiwa kwa risasi pale mgodini, kesi ikaisha kwa makubaliano 2015. Ukipiga hesabu za mgodi uliozungukwa na watu wenye hasira, ulinzi, mawakili, siku za kusimama, madarasa kumi ni bei ya kutupa. Ila msichanganye, CSR sio fidia. Aliyehamishwa shamba lake anadai fidia yake kamili hata kama mtoto wake anasoma kwenye darasa la mgodi.

Kitu kinachonikuna kichwa ni serikali yenyewe. North Mara sasa hivi iko chini ya Twiga, kampuni ya ubia ambayo kampuni ya madini ya Barrick ina hisa asilimia 84 na serikali 16, kwa hiyo anayetakiwa kumbana mgodi kuhusu mazingira na CSR ndo huyohuyo anayesubiri gawio, refa na mchezaji kwa wakati mmoja. Wanaosema hisa zinaipa serikali nguvu ya kuona vitabu kutoka ndani wana hoja, mimi bado sijashawishika.

Kwa mliopo Geita, Tarime, Kahama na kwingine kwenye migodi, sheria inaitaka halmashauri iwaelimishe wananchi kuhusu hiyo miradi, kwa hiyo mkutano wa kijiji ukiitishwa ulizia mpango wa mwaka huu, boma gani limepangiwa bati, bati ngapi, na kwa bei gani.