Iliki kubwa si lazima iwe kali

Kariakoo utaambiwa iliki ikiwa kubwa na ya kijani kibichi, ndiyo kali. Imani hiyo ni ya siku nyingi, na inawagharimu mama lishe na wauza maandazi wanaonunua kwa kilo.

Harufu ya iliki iko kwenye mbegu; ganda lina mafuta kidogo sana. Madaraja ya biashara hupangwa zaidi kwa upana wa punje. Kwa viwango vya India, daraja la juu la iliki ya kijani huanzia milimita 7, linalofuata 6, kisha 5. Lakini huko huko wanapima pia uzito wa lita moja ya punje: daraja la juu lisipungue gramu 435. Kipimo hiki ndicho ninachokiamini, maana punje kubwa yenye mbegu zilizosinyaa ni hewa tu.

Rangi nayo hutegemea sana ukaushaji. Jua kali hufifisha kijani, kwa hiyo iliki ya Amani, kule Tanga, iliyoanikwa juani inaweza kupauka na bado mbegu zake zikawa nzuri.

Kabla ya kununua gunia, chota kutoka katikati, si juu tu. Pasua punje kama kumi. Mbegu ziwe nyeusi au kahawia iliyokolea, zimeshikana, zinanata kidogo. Tafuna moja uonje ukali. Zikiwa kavu na nyeupe nyeupe, acha.

Kwa chai na maandazi, unaposaga, milimita 5 au 6 iliyojaa inatosha kabisa. Kubwa nunua kwa pilau ya shughuli, inakoonekana sahanini.