Maji ya kisima Nakuru: kuchemsha hakuondoi kila kitu

Nimehamia Nakuru kutoka Kisumu. Kule tulichemsha maji ya kisima. Hapa jirani ananiambia napoteza makaa bure. Nani mkweli?

Inategemea kisima. Vingi vya Manyatta na Nyalenda, mitaa ya Kisumu, ni vifupi na viko karibu na vyoo vya shimo. Uchafu hupenya udongoni, ukaleta viini vya kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu. Hivyo moto huviua. Nakuru nako, visima vingi virefu vina floraidi, madini yanayoyeyuka kutoka kwenye miamba ya volkano ya Bonde la Ufa. Floraidi haina uhai, basi haiuliki. Ukichemsha, mvuke unaondoka na madini yanabaki sufuriani, tena yamekolea kidogo. Lakini kama kisima chako ni kifupi, endelea kuchemsha, jirani asikudanganye.

Meno ya kahawia ya watoto wa huku ni uchafu?

La, na inaudhi kusikia mtoto akikemewa darasani eti hapigi mswaki. Ni doa la floraidi, nalo limo ndani ya jino lenyewe. Liliingia wakati jino likijengeka chini ya ufizi, kabla ya miaka 8 hivi, na hakuna mswaki utakaolitoa. Wewe uliyehamia ukiwa mtu mzima meno yako hayatabadilika. Wanao wadogo ndio walio hatarini. Mifupa, hata hivyo, haichagui umri: anayekunywa floraidi nyingi kwa miaka mingi huweza kukakamaa viungo na mgongo.

Kiasi kidogo hulinda meno yasioze, ndiyo maana imo kwenye dawa ya meno. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita.

Maji yetu ni maangavu na hayana ladha mbaya. Bado nipime?

Pima. Jicho na ulimi haviwezi kuitambua floraidi. Peleka maji maabara.

Yakizidi kikomo, nifanye nini?

Anza na paa. Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa. Acha mvua ya kwanza ioshe mabati, kisha kinga. Tangi likiwa dogo, weka ya mvua kwa kunywa na kupikia (chai, uji, na hasa maharagwe yanayokaa motoni saa nzima), ya kisima uogee na kufulia.

Njia nyingine ni chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambalo Jimbo Katoliki la Nakuru limelitengeneza kwa miaka mingi. Mkaa wa jikoni hauwezi kazi hiyo. Hata ule wa mifupa huchoka ukishashiba floraidi, kwa hiyo maji yapimwe tena mara kwa mara.

Nina mtoto wa miezi 4. Maji yangu yatamfikia kupitia maziwa?

Kidogo mno. Maziwa ya mama hubaki na floraidi kidogo sana hata mama akinywa maji ya kisima. Maziwa ya unga ndiyo ya kuangalia: yakorogwe kwa maji yasiyo na floraidi nyingi, nayo yachemshwe kwanza.