Kiharusi, uzee na "wataalamu wa nje": yanayosemwa Moshi na ukweli wake

Mzee akipata kiharusi huko Kibosho, mlimani juu ya mji wa Moshi, ushauri hufika kabla ya gari la kumpeleka hospitali. Mmoja atasema akandwe kwa maji ya moto. Mwingine atasema hapa kwetu hakuna kitu, ndugu wachange apelekwe India. Wa tatu, ambaye husikilizwa zaidi kwa kuwa anaongea kwa upole, atasema huo ni uzee tu, mwacheni mzee apumzike. Wote wanampenda mzee. Na wote wanaongea kana kwamba huko chini mjini hakuna shule zinazofundisha kazi ya kumrudisha mtu kwenye shughuli zake baada ya ugonjwa au ajali.

Shule hizo zipo. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa mwaka 1971, na katika eneo lake hufundishwa fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi), tiba kwa vitendo (kumfundisha mgonjwa upya kazi zake za kila siku), na utengenezaji wa viungo bandia. Ni kazi ya miongo kadhaa iliyojengwa na Watanzania pamoja na washirika wa nchi nyingi. Lakini mtu anaweza kupita geti lile miaka kumi akienda kuona wagonjwa asijue kinachoendelea humo. Nadhani sababu ni moja: kwa kuwa tunauona uzee na ulemavu kama mambo yasiyo na dawa, mafunzo ya watu wa kuyashughulikia tunayaona kama hisani ya wageni.

"Huo ni uzee, mwacheni apumzike"

Hii ndiyo dhana mama, nami nitakaa nayo kidogo.

Mwaka 1990 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio dogo sana. Waliwachukua wakazi 10 wa makao ya wazee, watu dhaifu wenye umri wa wastani wa miaka 90, wakawapa mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu kwa wiki 8. Waliomaliza, nguvu ya misuli ya mapaja yao iliongezeka zaidi ya maradufu. Tafiti nyingi zimefuata tangu hapo, na ujumbe umebaki uleule: msuli wa mzee bado unaitikia kazi.

Kinachommaliza mgonjwa mara nyingi ni kile kitanda. Misuli husinyaa ndani ya siku chache, viungo hukakamaa, damu huganda miguuni, kifua hujaa, na ngozi ya makalio na visigino huanza kuoza kwa kugandamizwa. Familia ikija kuona kidonda husema ugonjwa umezidi, kumbe ni matokeo ya kulala upande mmoja.

Shirika la Afya Duniani, WHO, mwaka 2015 lilieleza kuzeeka kwa afya kuwa ni kujenga na kutunza uwezo wa mtu kufanya yale anayoyathamini. Hapo hapajasemwa kwamba mzee asiwe na ugonjwa. Mtu mwenye presha na magoti mabovu anayekwenda kanisani au msikitini kwa miguu yake anazeeka vizuri. Umoja wa Mataifa ukautenga muongo wa 2021 hadi 2030 kwa ajili ya jambo hilo. Na mwongozo wa WHO wa mwaka 2020 unawataka wazee wafanye angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu na ya kujizuia kuanguka siku tatu au zaidi. Kwa bibi wa Marangu aliyezoea kupanda na kushuka makorongo na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, hayo si mageni. Tatizo huanza watoto wa mjini wanapomjengea nyumba nzuri, wakamwekea msichana wa kazi, kisha wakampiga marufuku kushika jembe. Tunaita heshima.

Lakini kuna upande wa pili. Mwaka 2015 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa kiharusi uliohusisha wagonjwa zaidi ya 2,000 katika nchi 5, zikiwemo Australia, Malaysia na Uingereza. Walioinuliwa kitandani mapema mno, ndani ya saa 24, na kufanyishwa mazoezi mengi, walipona vibaya kidogo kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kwa hiyo mazoezi nayo yana dozi kama vidonge vilivyo na dozi. Anatakiwa mtu aliyesomea, si mjukuu mwenye bidii.

"Fiziotherapia ni kukandwa, hata jirani anaweza"

Upande uliopooza baada ya kiharusi mara nyingi hauhisi joto sawasawa. Maji ambayo mkandaji anayaona ya vuguvugu yanaweza kumbabua mgonjwa, naye asiseme kitu. Bega lake nalo limelegea. Ukimwinua kwa kumvuta mkono ule, unalichomoa taratibu kutoka mahali pake, na maumivu ya bega hilo humsumbua muda mrefu kuliko mguu. Mfiziotherapia wa kwanza mtakayekutana naye atawafundisha hilo kabla ya zoezi lolote: mshikeni kiunoni na nyuma ya bega, msimvute mkono.

Mwenzake, mtoa tiba kwa vitendo, hajulikani kabisa. Watu wakisikia jina la kazi hiyo hudhani ni mafundi wa kufuma vikapu. Mtazame akifanya kazi na mama ambaye mkono wa kushoto umegoma. Hamuulizi maumivu yako wapi. Anamuuliza anataka kupika nini. Mama anasema mtori. Basi inatafutwa mbao bapa, inapigwa misumari miwili kutokea chini, ncha zikitokeza juu, ndizi inachomekwa pale isiteleze, na mama anaimenya kwa mkono mmoja. Chini ya mbao kinatandikwa kitambaa kibichi ili isitembee mezani. Jiko linahamishwa kutoka sakafuni hadi kwenye meza ya tofali ili asiiname. Mkono mgonjwa haufichwi kwenye kanga. Unawekwa juu ya meza, unashikilia bakuli hata kama unashikilia vibaya. Wiki zinavyokwenda unaanza kusaidia. Vifaa vyote hivyo havifiki bei ya chupa moja ya dawa za kuchua zinazouzwa stendi.

Mbao ya misumari haihitaji chuo. Chuo kinahitajika kujua mgonjwa yupi apewe mbao hiyo na lini aondolewe, kwa sababu ukimzoesha mkono mmoja mapema mno, ule mwingine unaweza kusahau kazi. Shirikisho la dunia la wataalamu wa fani hii linataka mwanafunzi afanye mafunzo ya vitendo yasiyopungua saa 1,000 kabla hajahitimu, awe anasomea Moshi au Stockholm.

"Ujuzi huu unaletwa na wazungu, sisi tunapokea"

Chuo cha TATCOT, kilichopo hapo KCMC, kinachofundisha mafundi sanifu wa viungo bandia, kilianzishwa mwaka 1981 kwa ushirikiano wa serikali za Tanzania na Ujerumani. Mwanzo wake basi ni huo wa kawaida: fedha na walimu kutoka nje. Kinachosahaulika ni kilichofuata. Kwa miaka mingi darasani wamekaa vijana kutoka nchi nyingi za Afrika, wakisoma kwa viwango vinavyotambuliwa na chama cha kimataifa cha fani hiyo, kisha wanarudi kwao kufungua karakana. Ukikutana na fundi wa miguu bandia katika nchi ya jirani, usishangae akikuuliza habari za Moshi na bei ya ndizi.

Ukiingia karakana ya kazi hii utasikia kwanza harufu ya plastiki iliyochemshwa. Kigutu cha mgonjwa hufungwa bendeji za plasta, zikikauka zinavuliwa kama kofia na kumwagiwa plasta ya maji ndani. Hapo fundi anapata sanamu ya kigutu, naye huanza kuichonga: hapa anapunguza, mahali ambapo mwili unaweza kubeba uzito, pale anaongeza, penye mfupa usiotaka kuguswa. Karatasi nzito ya plastiki iitwayo polipropilini inalainishwa kwenye oveni, inavikwa juu ya sanamu, na pampu inafyonza hewa ili ibane kila bonde. Baada ya kupoa inakatwa, inaungwa na mguu, na mgonjwa anasimama kati ya vyuma viwili vya kushikilia. Milimita chache tu zikikosewa pale kwenye sanamu, mtu atatembea wiki moja na kuuning'iniza mguu nyuma ya mlango.

Tena si kila wazo jema la fani hii limetoka Ulaya. Mguu wa Jaipur, uliobuniwa India mwishoni mwa miaka ya 1960, ulitengenezwa kwa ajili ya watu wanaotembea peku, wanaochuchumaa na kuingia shambani, mambo ambayo miguu iliyobuniwa kwa ajili ya kiatu haikuyaweza.

Na kuna maarifa ambayo dunia imeyapata hapa. Kati ya 2003 na 2006, watafiti wa Tanzania na Uingereza waliwahesabu wagonjwa wapya wa kiharusi katika wilaya ya Hai, jirani na Moshi, na sehemu ya Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha umri, Hai ilipata takriban wagonjwa 109 kwa watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam zaidi ya 300. Matokeo yalichapishwa 2010, na hadi leo anayeandika habari za kiharusi Afrika hawezi kuiruka Hai. Wilaya hiyohiyo ndiko lilikotengenezwa jaribio fupi la kupima kumbukumbu lisilomtaka mzee ajue kusoma, kwa sababu vipimo vya Ulaya vilikuwa vinamhukumu bibi mwenye akili timamu kwa kosa la kutokwenda shule.

Kwa wazee waliopoteza kumbukumbu, kuna tiba ya vikundi iliyobuniwa Uingereza: vikao 14, viwili kwa wiki kwa wiki 7, vya mazungumzo, michezo na nyimbo. Ilipoletwa Hai haikubebwa ilivyo. Mazoezi yanayotegemea kusoma na kuandika yalibadilishwa, na yale ya wazee wa huku, nyimbo na vitu wanavyovishika kila siku, yakaingia. Ilipojaribiwa, hali ya maisha ya wazee na uwezo wao wa kufikiri vilionekana kuwa bora.

"Kontena la vifaa ndiyo msaada wenyewe"

Kiti mwendo kipana kuliko makalio ya mtu humkalisha upande, uti wa mgongo unapinda, na kidonda kinafuata. Kiti cha korido za hospitali hakimalizi msimu mmoja wa mvua kwenye njia za Old Moshi. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2008 kuhusu viti kwa nchi zenye uwezo mdogo ulitaja hatua nane, kuanzia rufaa na upimaji hadi kumfundisha mtumiaji na kumfuatilia nyumbani. Kukabidhi kiti mbele ya kamera ni sehemu ndogo ya hatua mojawapo. Afadhali mfadhili anayelipa ada ya wanafunzi wawili kuliko anayeleta viti mia visivyo na vipuri, ingawa najua wa viti mia ndiye atakayepewa mgolole na kuchinjiwa mbuzi.

"Ukimsomesha anaondoka"

Wapo wanaoondoka. WHO ina kanuni za mwaka 2010 kuhusu kuajiri watumishi wa afya kutoka nje, na Tanzania imo kwenye orodha ya nchi ambazo mataifa tajiri yanatakiwa yasizikaushe kwa matangazo ya kazi. Lakini kijana aliyemaliza fiziotherapia akakaa mwaka mzima akisubiri ajira, huku wodi hazina mtu wa kumnyoosha mgonjwa, hajaibwa na yeyote. Nafasi ndiyo haijafunguliwa. WHO inakadiria kwamba katika baadhi ya nchi za kipato cha chini na cha kati zaidi ya nusu ya wanaohitaji utengamao, yaani huduma za kumrudisha mtu kwenye shughuli zake, hawaupati, na hapo tatizo si ndege.

"Wanafunzi wa nje wanakuja kujifunzia kwetu"

Hii ina ukweli ndani yake. Msimu wa kiangazi cha Ulaya ukifika, Moshi na Arusha hujaa vijana wenye fulana za kujitolea. Wengine wana wiki mbili, hawajui hata kusema "inua mguu", na Jumamosi wana safari ya Ngorongoro. Mgonjwa aliyezoeshwa zoezi na mtu wa namna hiyo hubaki nalo bila wa kumfuatilia.

Ushirikiano wa hospitali ya Northumbria ya Uingereza na KCMC, ulioanza mwaka 1999, ni wa namna nyingine: uhusiano ni wa taasisi mbili, haufi mgeni mmoja anapopanda ndege. Kwa hiyo mgeni akija kitandani kwa mzee wenu, mna haki ya kuuliza msimamizi wake ni nani, na akiondoka nani ataendelea na zoezi. Mna haki pia ya kukataa, na huduma isipungue. Muulizeni hata kama mnaona aibu. Anayesoma kazi hii vizuri alishafundishwa kulitarajia swali hilo.