Kuku Anapolalia Mayai: Mengi Huharibika Kabla Hajakaa

Ukimwekea kuku mayai 12 akaangua manne, lawama ya kwanza humwendea yeye: mvivu, hajui kulalia, ana tabia ya kususa. Kwa hapa Dar es Salaam mimi huuliza kwanza jambo jingine. Hayo mayai yalikaa wapi, na kwa siku ngapi, kabla hayajawekwa chini yake?

Yai lenye mbegu linapotagwa huwa tayari lina kiinitete kilichoanza kukua ndani ya kuku. Likipoa hadi kama nyuzi 20, kiinitete hulala na kungoja. Likipata joto la kulaliwa, yaani nyuzi 37.5 hadi 38 hivi, huendelea na kazi. Balaa liko hapo katikati. Januari na Februari chumba chenye bati bila dari hupita nyuzi 32 mchana, na usiku hakishuki sana. Katika joto hilo kiinitete hakilali, wala hakikui sawasawa. Hujivuta kidogo kidogo, hudhoofu, na kikishawekwa chini ya kuku hufa siku za mwanzo. Ukilipasua yai hilo mwisho wa hesabu unakuta uji tu, unasema jogoo hana mbegu, kumbe jogoo hana kosa.

Kwa hiyo okota mayai mara mbili au tatu kwa siku, usiyaache kwenye kiota kilichopigwa jua. Yaandike tarehe kwa penseli, si kwa kalamu ya wino. Yapange kwenye trei ncha nyembamba ikiwa chini, uyaweke mahali penye ubaridi kuliko pote nyumbani: chini ya kitanda kwenye sakafu ya saruji, au pembeni mwa mtungi wa maji, mbali na jiko. Friji hapana, ni baridi mno. Wakati wa joto usiyatunze zaidi ya siku 5, ikizidi sana 7. Kipupwe, Juni hadi Agosti, unaweza kufika 10. Yasioshwe. Ganda lina utando unaozuia vijidudu kupenya, na maji huuondoa. Uchafu mkavu ukwangue taratibu kwa kucha, na yai lililochafuka sana lipeleke jikoni ukakaange. Na yale mayai ya kisasa yanayouzwa kwa trei dukani usihangaike nayo. Kuku wale hawaishi na jogoo.

Mtetea aliye tayari kulalia hujionyesha. Anabaki kwenye kiota hata giza linapoingia, wenzake wakiwa wamepanda kulala. Ukimsogelea anajivimbisha, analia kwa sauti nzito ya koo, anadonoa mkono. Ukimgeuza unakuta tumbo limenyonyoka manyoya, maana ngozi tupu ndiyo inayopitisha joto kwenye mayai. Mpe siku mbili au tatu za majaribio kwa mayai mawili ya kuchemsha. Akitulia usiku mbili mfululizo, hapo una kuku wa kuangua.

Wenye mitetea kadhaa wanaweza kuitumia hiyo mbinu ya yai la kuchemsha kuwasubirisha. Wa kwanza anabaki na mayai ya uongo hadi wa pili na wa tatu nao wachachamae, kisha wote unawawekea mayai mazuri usiku mmoja. Vifaranga wanatoka pamoja, unaweza kuwalea na kuwachanja kwa mkupuo. Usimchezee kwa zaidi ya wiki mbili lakini, maana siku zote hizo anakula kidogo na mwili wake unaisha.

Kiota kiwe tenga au kasha la mbao, sentimita 35 kwa 35 hivi, kuta zimuinukie kidogo. Chini weka udongo au mchanga mkavu uliobonyezwa katikati kama sahani, juu yake majani makavu au maranda. Umbo hilo la sahani ni muhimu kuliko watu wanavyodhani: mayai yakikaa kwenye sakafu bapa hutawanyika, yale ya pembeni hupoa, na kuku anapoyageuza hubadilishana nafasi kiasi kwamba kila moja linapata zamu yake ya baridi. Beseni la plastiki silipendi. Halipumui, na joto letu hulifanya lijae unyevu.

Kuhusu unyevu, upo ushauri unaozunguka wa kunyunyizia mayai maji kila siku. Huenda Dodoma ukawa na maana. Kwa Mbagala au Kigamboni hewa yenyewe tayari ina maji ya kutosha. Yai linatakiwa kupoteza kama asilimia 12 ya uzito wake hadi kuangua, ili kile chumba cha hewa kwenye ncha butu kipanuke na kifaranga apate pa kuvuta pumzi ya kwanza. Ukilirowesha kila siku, tena masika, unamnyima nafasi hiyo.

Sasa utitiri, ambao mimi nauhesabu kuwa adui wa kwanza kuku akishakaa. Wale wadogo wekundu hawakai mwilini mchana. Wanajificha kwenye nyufa za mbao na maungio ya mianzi, usiku wanatoka kunyonya damu. Kuku wa kawaida anaweza kuhama sehemu ya kulala, lakini anayelalia amefungwa pale pale saa 23 na zaidi kwa siku. Kwa joto la Pwani utitiri hukamilisha kizazi ndani ya wiki moja hadi siku kumi, hivyo siku 21 za kulalia zinatosha vizazi viwili, hata vitatu. Ndiyo maana kuku hutulia vizuri wiki mbili za mwanzo, kisha ghafla wiki ya tatu anayaacha mayai, na mwenyewe unasema kasusa. Hakususa, ameliwa. Pitisha kitambaa cheupe chini ya ukingo wa kiota saa nne usiku. Kikitoka na vidoa vyekundu, jibu unalo.

Kinga hufanywa kabla ya mayai kuwekwa. Choma majani ya zamani, mwagia kasha maji ya moto yanayochemka hasa kwenye nyufa, likauke juani. Kuku mwenyewe apakwe dawa ya unga ya wadudu wa kuku kutoka duka la pembejeo, kwa kipimo kilichoandikwa, chini ya mbawa na kuzunguka mkia, siku mbili tatu kabla ya kukaa. Majani makavu ya mwarobaini ndani ya kiota si mabaya, ila usiyategemee peke yake. Wale viroboto wanaong'ang'ania kwenye upanga na kuzunguka macho wapake mafuta ya mgando kwa ncha ya kidole, wakose hewa, bila kugusa jicho. Mafuta hayo yasifike kifuani: yakihamia kwenye mayai huziba vitundu vya ganda na kiinitete hukosa hewa. Kwa sababu hiyo hiyo, oili chafu na mafuta ya taa visipakwe kwenye kiota chenye mayai.

Oili chafu ina kazi yake nje. Kiinue kiota juu ya meza yenye miguu minne, kila mguu usimame kwenye kopo lenye oili kidogo. Siafu wakiingia kwa kuku anayelalia, hasa mvua zinapoanza, hawaachi kitu, na vifaranga wanaodonoa ganda ndio wanaowaita zaidi. Hakikisha hakuna ubao wala tawi linalogusa meza kutoka ukutani, maana siafu watatafuta daraja hilo.

Mayai yawekwe usiku, taa ikiwa hafifu. Idadi kwa kuku wa kienyeji wa kawaida ni 10 hadi 12. Kipimo ni mwili wake, si tamaa yako: akikaa usione yai hata moja likichungulia. Mengine ondoa. Yatiwe alama ya mstari kulizunguka yai, kwani mitetea wengine wana tabia ya kuja kutaga humo humo. Yai lisilo na mstari ni la mgeni, litoe siku hiyo hiyo. Ukiliacha litachelewa nyuma ya wenzake, na kuku akishaondoka na vifaranga litabaki kufa. Dawa hasa ni kumtenga anayelalia kwa wavu au mlango.

Kila siku atoke mara moja, dakika 15 hadi 30: ale, anywe, anye, ajigaragaze. Chakula kiwe nafaka, mahindi ya paraza au mtama, konzi moja au mbili. Chakula cha kuku wa mayai hakimfai kipindi hiki kwa sababu kina chokaa nyingi na yeye hatagi. Maji yakae hatua chache kutoka kiotani, si ndani yake, na yabadilishwe mchana yakishapata moto. Pembeni weka karai la mchanga mkavu uliochanganywa na majivu ya kuni. Asipotoka siku mbili, mnyanyue mwenyewe, ila kwanza ingiza mkono chini ya mbawa uhakikishe hajabana yai, maana huanguka na kupasua mawili kwa pamoja. Kinyesi chake kitakuwa bonge kubwa lenye harufu kali. Si ugonjwa.

Siku ya 7 au 8 pima mayai kwa tochi ya simu kwenye chumba chenye giza. Yai zima lina kitone cheusi na mishipa iliyotanda kama utando wa buibui. Linalong'aa tupu halikuwa na mbegu, au lilikufa mapema mno. Lenye pete nyekundu bila mishipa limekufa. Siku ya 14 upime tena: zima ni giza tupu isipokuwa kile chumba cha hewa, viza lina kioevu kinachochezacheza. Viza liondolewe bila kusita. Likipasuka chini ya kuku hupaka mengine vijidudu. Baada ya siku ya 18 usiguse tena.

Ukimkuta ametoka na mayai yamepoa, usiyatupe. Kwa joto la hapa, saa kadhaa nje si hukumu ya kifo. Mrudishe, au yahamishie kwa mwingine, pima baada ya siku tatu. Na kuhusu radi, wapo wanaoweka mkaa au msumari kiotani ili ngurumo zisiue mayai. Kinachoua ni bati linalovuja usiku huo huo wa mvua. Kagua paa.

Siku ya 20 au 21 utasikia vifaranga wakilia ndani ya ganda. Kuanzia tundu la kwanza hadi kutoka ni saa 12 hadi 24, na humo katikati kifaranga hutulia kabisa kama aliyekata tamaa. Mwache. Mishipa ya damu kwenye utando bado inafanya kazi na kiini cha njano bado kinaingia tumboni. Ukimbandua ganda anavuja damu. Kiini hicho kinamtosha siku mbili bila chakula, kwa hiyo usiwatoe waliotangulia ukamfanya mama ainuke na kuwaacha wa nyuma. Mayai ambayo hayajadonolewa kufikia mwisho wa siku ya 22, toa.

Kisha mama na watoto wahamie chini ya tenga lenye matundu madogo au banda la wavu, maji kwenye sahani isiyo na kina, na wakae humo wiki tatu za mwanzo. Kunguru wa mji huu hukaa juu ya nyaya za umeme wakihesabu vifaranga, na mama akigeuka kumfukuza mmoja, wa pili ameshashuka upande wa nyuma.